Maswali ya Wasomaji: Riba Imeshushwa, Niuze Nini?

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja. Benki kuu ikigusa riba, kila mwenye akiba hujiuliza kama alipoweka fedha yake ndipo penyewe. Tumechagua sita. Mahesabu tumeyafanya kwa 100 au kwa 1,000,000, wewe weka sarafu ya kwako.

Ndugu mhariri, benki kuu imepunguza riba yake kwa nusu asilimia. Mwenzangu kazini ananihimiza niuze hatifungani zangu za serikali, zimebakiza miaka kumi na kuponi yake, yaani riba ya kila mwaka, ni asilimia 10, kisha ninunue hisa. Anasema riba ikishuka, hisa hupanda. Nimsikilize?

Mwenzako ameshika nusu ya jambo. Riba za soko zikishuka, hatifungani ulizonazo, yaani mkopo ulioipa serikali, nazo hupanda bei, na hupanda kwa hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe kabla hujaongea na dalali. Tuseme uliinunua kwa 100 wakati soko linadai asilimia 10 kwa mwaka. Soko likishuka hadi asilimia 8 kwa miaka kumi, hatifungani yako inakuwa na thamani ya 113.42, kwa sababu mtu wa leo hapati tena kuponi ya 10 kwa bei ya 100. Soko likipanda hadi asilimia 12, yako inashuka hadi 88.70.

Lakini usiione ile 13.42 kama zawadi. Ni riba ya miaka ijayo uliyolipwa mapema. Ukiuza, unaondoka na faida na kukuta hatifungani mpya zinalipa 8. Usipouza, unaendelea kupokea 10 yako kila mwaka, na bei itateremka polepole kurudi 100 siku ya kuiva. Kama huna mahali pengine pa kuipeleka fedha, kuuza na kubaki kunakaribia kuwa kitu kimoja, ukitoa ada ya dalali.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Benki kuu haipangi riba ya miaka kumi. Inapanga riba ya mikopo ya muda mfupi sana, ile ambayo mabenki hukopeshana kwa usiku mmoja au kwa siku chache. Riba ya miaka kumi hupangwa na wanunuzi na wauzaji, wakiutazama mfumuko wa bei wanaoutarajia na wingi wa madeni ambayo serikali italeta mnadani. Mara nyingi hizo mbili hutembea pamoja. Mara nyingine hupishana njiani. Marekani, kati ya Septemba na Desemba 2024, Benki Kuu ilishusha riba yake kwa asilimia 1 nzima, kutoka 5.25–5.50 hadi 4.25–4.50. Kuanzia Septemba hiyohiyo riba ya hatifungani za serikali za miaka kumi ilipanda, ikatoka chini kidogo ya asilimia 3.7 na kufika karibu 4.8 katikati ya Januari 2025. Aliyekimbilia hatifungani ndefu siku ya tangazo, akitegemea bei ipande, alipata hasara huku benki kuu ikifanya kilekile alichokitabiri.

Sababu ni kwamba soko halingoji tangazo. Kama kila mtu alikwisha kujua kwamba nusu asilimia inakuja, bei zilikwisha kusogea wiki kadhaa kabla. Kinachosogeza bei siku ya mkutano ni tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotangazwa. Kwa hiyo ukipata taarifa ya kamati ya sera ya fedha, usiishie kwenye tarakimu ya riba. Soma aya inayozungumzia mfumuko wa bei na uilinganishe neno kwa neno na ya mkutano uliopita. Tazama kura zilipigwaje: saba kwa mbili si sawa na tisa kwa sifuri. Kisha tazama mnada unaofuata wa hatifungani za miaka kumi ulikwenda kwa riba gani. Huo mnada unakuhusu wewe kuliko hotuba ya gavana.

Na hisa? Chukua kampuni inayotazamiwa kutoa gawio la 5 mwaka ujao, na gawio hilo linakua kwa asilimia 7 kila mwaka. Ukidai mapato ya asilimia 12, thamani yake ni 5 ugawe kwa 0.05 (12 toa 7), yaani 100. Riba ikishuka, ukaridhika na 11, thamani inaruka hadi 125. Hapo ndipo maneno ya mwenzako yanapotoka. Ila benki kuu haishushi riba bila sababu. Kama imeshusha kwa kuwa biashara zinadorora, ukuaji nao unapungua. Weka 5 mahali pa 7, acha 11 ilivyo, unapata 5 ugawe kwa 0.06, yaani 83. Riba imeshuka na hisa imeshuka nayo. Si hesabu ya ubaoni tu. Kuanzia Septemba 2007 Benki Kuu ya Marekani ilishusha riba kutoka 5.25 hadi karibu na sifuri Desemba 2008, na kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 kipimo cha bei za hisa za makampuni makubwa 500 ya Marekani, yaani fahirisi ya S&P 500 ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake.

Ushauri wetu kwako: mpigie dalali umwombe bei ya kuuzia, si bei iliyochapishwa. Kisha pima mapato hadi kuiva, yaani unachopata kwa mwaka ukiishika hadi mwisho, kwa njia ya mkato: chukua 100 toa bei, ugawe kwa miaka iliyobaki, jumlisha na kuponi, jibu ligawe kwa wastani wa bei na 100. Kwa bei ya 113.42 unapata 0.081, yaani asilimia 8.1. Ujiulize: fedha hii naihitaji lini? Kama ni kabla ya miaka mitano, hisa si mahali pake, hata gavana aseme nini. Kama ni baada ya miaka kumi na tano na hisa zako ni chache, hamisha sehemu, kwa mafungu, na ungefanya hivyo hata kama benki kuu isingekutana.

Niliweka akiba ya ada ya shule ya mwanangu katika mfuko wa hatifungani. Mwaka umepita, kipande kimeshuka asilimia 9. Wakala aliniambia hatifungani za serikali hazipotezi. Nimedanganywa?

Pole, mama. Hukudanganywa kwa neno, umedanganywa kwa kuachiwa neno. Hatifungani moja ya serikali ina tarehe ya kuiva: ukiishika hadi siku hiyo, na serikali ikalipa, unarudishiwa 100 yako hata kama katikati bei ilianguka. Mfuko hauna siku hiyo. Meneja anauza za zamani, ananunua mpya, na kila jioni vyote vinapimwa upya kwa bei ya soko. Unaponunua kipande, yaani fungu lako la mfuko, unanunua bei ya siku.

Ukubwa wa mtikisiko hutegemea urefu wa zilizomo ndani. Tazama kuponi ileile ya asilimia 10, soko likipanda kutoka 10 hadi 12: iliyobakiza miaka miwili inashuka hadi 96.62, ya miaka kumi hadi 88.70, ya miaka ishirini hadi 85.06. Serikali ni ileile, usalama wa kulipwa ni uleule. Kilichotofautiana ni muda. Katika ripoti ya mwezi ya mfuko wako tafuta kipimo cha muda wa wastani uliorekebishwa, kinachoandikwa kwa miaka. Kikiwa 6, kila asilimia 1 riba ya soko inapopanda, kipande hupoteza takriban asilimia 6. Chako kimeshuka 9: ama riba ilipanda kwa asilimia 1.5 hivi kwa mfuko wa muda wa 6, ama zaidi kidogo kwa mfuko mfupi zaidi. Kama kipimo hicho hakipo kwenye ripoti, waandikie wakutumie. Meneja asiyekijua hafai kushika hatifungani za watu.

Hata walio wakubwa hujikwaa hapo. Mwaka 2022, riba zilipopanda kwa kasi, hatifungani za Marekani kwa ujumla wake zilipoteza karibu asilimia 13, mwaka uleule ambao hisa za S&P 500 zilipoteza karibu 18 hata ukihesabu magawio. Machi 2023 Silicon Valley Bank ilianguka ikiwa imejaza dhamana nzuri kabisa, za serikali na za mikopo ya nyumba zinazodhaminiwa na taasisi za serikali, isipokuwa zilikuwa ndefu na wenye amana waliitaka fedha yao sasa. Kosa lake na kosa la mfuko wako wa ada vinafanana: fedha ya karibu imelazwa kwenye karatasi ya mbali.

Cha kufanya sasa kinategemea tarehe za ada. Sehemu inayotakiwa ndani ya miaka miwili iondoe, ukubali hasara, uihamishie kwenye dhamana za muda mfupi za siku 91, 182 au 364, au kwenye hatifungani itakayoiva kabla ya muhula husika. Usingoje kipande kirudi. Hakijui kwamba una ada ya kulipa. Sehemu ya miaka sita na kuendelea iache. Riba zilizopanda zimekuangusha leo, lakini kuponi mpya zinazoingia ni kubwa zaidi, na kwa mfuko wa muda wa 6 inachukua takriban miaka sita kwa kuponi hizo kufidia shimo, riba zisipoendelea kupanda.

Jambo moja dogo: usiahirishe kutoa fedha siku chache kabla ya mfuko kugawa mapato kwa kudhani utayakosa. Siku ya kugawa, kipande hushuka kwa kiasi kilekile kilichogawiwa.

Mfuko wa soko la fedha ni sawa na akaunti ya akiba? Benki inanipa 4, mfuko unatangaza 9.

Hapana. Amana ya benki huwa na bima hadi kiwango fulani mahali pengi, mfuko hauna. Unakopesha kwa muda mfupi, na usalama wake ni usalama wa hao waliokopeshwa. Septemba 2008, mfuko mmoja wa Marekani uitwao Reserve Primary ulikuwa na karatasi za deni za benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers, zaidi kidogo ya asilimia 1 tu ya mali yake. Lehman ikafilisika, kipande kikashuka kutoka dola 1 hadi senti 97, na wateja walipokimbilia mlangoni mfuko ukasitisha utoaji. Hasara ya senti tatu haikuwa kubwa. Kuzuiwa fedha ya mishahara ya wiki ndiko kulikoumiza.

Angalia vitu vitatu kwenye orodha ya mali: asilimia ngapi ni dhamana za serikali, ngapi ni amana katika benki moja, na ngapi ni karatasi za makampuni. Mfuko unaotangaza 9 wakati dhamana za serikali za siku 91 zinalipa 8, na bado unatoza ada ya 1, umelazimika kupata 10 mahali. Uliza ni wapi.

Na ile 9 ipime upya. Kama inalipa 9, kodi inachukua sehemu ya kumi ya riba, unabaki na 8.1. Mfumuko wa bei ukiwa 7, nguvu ya fedha yako imekua kwa 1.081 ugawe kwa 1.07, yaani takriban asilimia 1. Ile 4 ya benki, kwa hesabu hiyohiyo, inakula mtaji: 3.6 dhidi ya 7. Kwa hiyo mfuko unafaa kwa fedha ya dharura, mradi mshahara wa mwezi mmoja ubaki benki.

Nachagua kati ya mfuko wa hisa unaosimamiwa na meneja, ada 2.5 kwa mwaka, na mfuko unaofuata fahirisi, ada 0.5. Tofauti ni mbili tu. Meneja mzuri hawezi kuzifidia?

Hiyo «mbili tu» ndiyo barua yako yote. Weka 1,000,000 kwa miaka 25, hisa zizae asilimia 9 kwa mwaka kabla ya ada. Anayetoa 0.5 anabaki na 8.5, na mwisho wake ni 7,690,000. Anayetoa 2.5 anabaki na 6.5, anamaliza na 4,830,000. Fedha 2,860,000 zimekwenda na ada, pamoja na mapato ambayo ada hiyo ingezaa, karibu mara tatu ya mtaji ulioanza nao. Meneja wako hatakiwi kulishinda soko tu. Anatakiwa alishinde kwa asilimia 2 kila mwaka ndipo mlingane.

Wapo wanaoweza. Ugumu ni kumjua kabla, maana wote wanaokuonyesha mchoro wa miaka mitano iliyopita ni wale waliobahatika miaka hiyo mitano. Mifuko iliyofanya vibaya ilifungwa au iliunganishwa na mingine, na mchoro wake haupo tena. John Bogle alipofungua mfuko wa fahirisi kwa watu wa kawaida mwaka 1976, chini ya Vanguard, aliondoka na hesabu hii tu: wawekezaji wote kwa pamoja ndio soko, kwa hiyo kwa wastani hupata mapato ya soko, toa gharama.

Lakini fahirisi si dawa ya kila soko. Katika soko ambalo kampuni mbili zinabeba nusu ya fahirisi, mfuko wa fahirisi ni dau kwenye kampuni mbili lililovikwa jina zuri. Fungua orodha ya kumi za juu kabla hujaweka sahihi. Tazama pia ada ya kuingia: ukitozwa 3 mlangoni, 1,000,000 inaanza ikiwa 970,000, na inabidi ikue asilimia 3.1 ndipo urudi ulipoanzia. Ada ya kutoka, ikiwepo, nayo iulizie: mara nyingi hufutika baada ya mwaka au zaidi, kwa hiyo tarehe ya kuingia iandike.

Mfuko A kipande ni 120, mfuko B kipande ni 950. Si bora A, ambako napata vipande vingi?

La. Mkate ni uleule, mmoja amekata vipande vyembamba. Mali za mfuko zikipanda asilimia 10, A inakuwa 132 na B 1,045, na aliyeweka 95,000 popote kati ya hizo mbili ana 104,500.

Nilinunua hisa za kampuni ndogo sokoni. Bei kwenye gazeti ilikuwa 500, mimi nikauziwa 520. Wiki iliyofuata nikataka kuuza, gazeti bado linasema 500, dalali akanipa 480. Nani alinila?

Kwa bei ulizozitaja hakuna aliyekula kinyume cha taratibu. Bei ya gazeti ni ya biashara ya mwisho, na kwa hisa isiyochangamka biashara ya mwisho inaweza kuwa ya juzi. Kinachokuhusu ni daftari la oda: upande mmoja wanunuzi na bei zao, upande mwingine wauzaji. Siku yako lilikuwa hivi: mnunuzi wa juu kabisa 480, muuzaji wa chini kabisa 520. Pengo hilo la 40 ndilo nauli. Ongeza ada ya dalali, tuseme 1.5 kwenda na 1.5 kurudi: ulilipa 527.80, na ukiuza kwa 480 unapokea 472.80. Unapoteza 55 kwa kila hisa, asilimia 10.4, na kampuni yenyewe haijafanya lolote.

Kosa lilianzia kwenye aina ya oda. Ulimwambia dalali «ninunulie», naye akachukua kilichokuwepo. Mara nyingine andika oda yenye bei ya ukomo: nunua hisa 1,000, bei isizidi 500, oda idumu siku 10. Kabla ya hapo mwombe akusomee daftari, si bei pekee bali pia idadi. Wauzaji wakiwa na hisa 200 kwa 520, zinazofuata ziko 560, na wewe unataka 1,000, oda isiyo na ukomo itakufikisha 560 kwa zile 800 za mwisho.

Angalia pia wastani wa hisa zinazouzwa kwa siku katika miezi mitatu. Ukitaka kumiliki zaidi ya mauzo ya siku tano, ujue kutoka kwako kutachukua wiki, na wiki hiyo huwa ndiyo ile ambayo kila mtu anataka kutoka.

Umeandika pia mwishoni kwamba ulivutiwa na gawio la asilimia 14. Lilinganishe na faida kwa kila hisa. Kampuni iliyopata faida ya 45 kwa hisa ikagawa 70 inachota akiba, au imeuza kiwanja, au inakopa ili igawe. Mwaka unaofuata gawio linakatwa na bei inalifuata. Ukurasa wa mtiririko wa fedha katika taarifa ya mwaka utakuonyesha ile 25 ilitoka wapi: tafuta mstari wa mikopo mipya na ule wa mauzo ya mali. Ukiukuta mmoja wapo umevimba, ile oda yako ya kuuza iweke kwa bei ya ukomo ya 490, uisubirie siku chache, kabla ya kuishusha hadi 480.